Klabu za soka za Kisumu: Nani atalipa nauli?

Serikali ya Kenya ilipovikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma kwa wawekezaji wa kibinafsi mwaka 2025, kwa kipindi cha miaka 30, mjadala ulitawaliwa na malimbikizo ya mishahara, madeni ya wakulima wa miwa na hatima ya ardhi ya viwanda hivyo. Yalikuwa masuala mazito na yalistahili uzito huo. Hata hivyo, lipo suala ambalo halikupewa nafasi kubwa, nalo ni la kandanda.

Viwanda vitatu kati ya hivyo vinne, yaani Chemelil na Muhoroni katika Kaunti ya Kisumu, na SoNy mjini Awendo, Kaunti ya Migori, viko katika miji ambayo Wakenya wengi waliifahamu kwanza kupitia matokeo ya Ligi Kuu yaliyosomwa redioni mwishoni mwa juma. Mtu ambaye hajawahi kuvuka Kericho kuelekea ziwani aliweza kutaja Chemelil kwa sababu timu yake ya Nairobi ilikuwa imefungwa huko. Kwa hivyo, swali la ni nani sasa atakayegharamia soka katika ukanda wa Ziwa Victoria si la burudani pekee. Linagusa ajira za vijana, biashara ndogo ndogo za siku ya mechi na heshima ya miji ambayo haina mambo mengi ya kuitangaza.

Sukari yageuka shubiri

Mifano ya karibuni inasikitisha. SoNy Sugar ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu mwaka 2006, jambo ambalo klabu kadhaa za jiji kuu hazijawahi kulionja. Novemba 2019, klabu hiyo hiyo ilitimuliwa kwenye ligi baada ya kukosa kufika katika mechi tatu na kuwaachia wapinzani ushindi wa bwerere. Muhoroni Youth ilishuka daraja mwishoni mwa mwaka 2017. Chemelil Sugar ilifuata mwaka 2020, baada ya kampuni iliyoianzisha kulemewa kwa muda mrefu na mishahara ya wafanyakazi wake yenyewe.

Mjini Kisumu mambo hayakuwa tofauti. Kisumu All Stars ilipanda hadi Ligi Kuu mwaka 2019 ikitegemea zaidi mkono wa serikali ya kaunti, lakini mwaka uliofuata ikashindwa na Vihiga United katika mechi za mchujo na kurejea ilikotoka. Western Stima, iliyolelewa na kampuni ya umeme ya Kenya Power na kutumia uwanja wa Moi mjini humo, nayo iliyumba pale kampuni hiyo ilipojiondoa.

Ukizitazama klabu hizi kwa pamoja, utaona kwamba hazikukosa vipaji. Ukanda wa ziwa umekuwa chemchemi ya wanasoka tangu enzi za Luo Union na Luo Stars, timu ambazo muungano wao mwaka 1968 ulizaa Gor Mahia. Kilichokosekana ni fedha za kuendesha shughuli za kila wiki, na zaidi ya yote, mpango wa kuzipata fedha hizo bila kumsubiri mtu mmoja.

Hesabu ya safari moja

Ligi yenye timu 18 huwa na mechi 34 kwa kila klabu, na nusu yake, yaani 17, huchezwa ugenini. Kwa klabu za Nairobi, mechi kadhaa za ugenini ni safari ya dakika chache ndani ya jiji hilo hilo. Kwa klabu ya Kisumu, safari ya Nairobi pekee ni takriban kilomita 350, na ya Mombasa, nyumbani kwa Bandari, inapita kilomita 800. Hakuna kocha anayeweza kuwashusha wachezaji kutoka kwenye basi baada ya mwendo huo na kuwaingiza uwanjani moja kwa moja.

Chukua mfano rahisi. Tuseme klabu inasafiri na wachezaji 18 na maafisa saba, jumla watu 25, na kila mmoja anahitaji Sh3,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Kwa siku mbili, hizo ni Sh150,000. Ongeza Sh90,000 za basi, mafuta na dereva, na safari moja ya Mombasa imegharimu Sh240,000. Iwapo kiingilio cha mechi ya nyumbani ni Sh200, klabu hiyo inahitaji mashabiki 1,200 waliolipa langoni ili kufidia safari hiyo moja tu.

Lakini mapato ya langoni hayafiki yote mfukoni mwa klabu. Mechi ya nyumbani ina gharama zake: ambulensi, walinda usalama, uchapishaji wa tiketi na matumizi ya uwanja. Baada ya hapo kuna mishahara, matibabu ya wachezaji walioumia, viatu, mipira na ada za usajili. Tangu utaratibu wa kuzipa klabu leseni ulipoanza kutumika chini ya kanuni za Shirikisho la Soka barani Afrika (CAF), klabu inatakiwa pia kuwa na timu za vijana, makocha wenye vyeti, ofisi, na vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa. Masharti hayo ni ya busara, ila kila sharti lina bei yake.

Mgeni anapokuwa mwenyeji

Lipo tatizo jingine ambalo ni la Kisumu hasa. Moyo wa shabiki wa mji huu uko kwa Gor Mahia, klabu yenye makao yake Nairobi lakini yenye mizizi ziwani. K'Ogalo ndiyo klabu pekee ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la Afrika, mwaka 1987, ilipoishinda Espérance ya Tunisia kwa mabao ya ugenini baada ya sare mbili. Mapenzi ya aina hiyo hayaondoki, na hakuna anayepaswa kuyaondoa.

Matokeo yake ni kwamba klabu ya Kisumu hupata umati mkubwa zaidi siku inapoikaribisha Gor Mahia, na sehemu kubwa ya umati huo hufika kuishangilia Gor Mahia. Mwenyeji hugeuka mgeni katika uwanja wake. Gor ikishaondoka, viti hubaki vitupu hadi msimu ujao. Isitoshe, Jumamosi alasiri shabiki huyo huyo anaweza kulipa kiingilio kidogo katika ukumbi wa video na kutazama Arsenal au Manchester United. Klabu ya mtaani inashindania shilingi hiyo na miamba ya Uingereza, na haiwezi kushinda kwa kumlaumu shabiki.

Mtegemea cha nduguye

Kwa miaka mingi jibu la matatizo haya lilikuwa mfadhili mmoja mkubwa. Kwanza yalikuwa mashirika ya umma: viwanda vya sukari, posta, umeme. Mashirika hayo yalipodhoofika, bajeti ya michezo ilikuwa ya kwanza kukatwa, na hilo si ajabu. Mkurugenzi asiyeweza kumlipa mkulima aliyeleta miwa hawezi kumweleza mkulima huyo kwa nini amelipia hoteli ya wachezaji.

Kisha zikaja fedha za televisheni na kamari. SuperSport ilivunja mkataba wake na ligi mwaka 2017, wakati wa mvutano kuhusu kuongezwa kwa timu kutoka 16 hadi 18. SportPesa ilisitisha ufadhili wake mwaka 2019 baada ya kunyimwa leseni kufuatia mzozo wa ushuru na serikali. BetKing iliingia mwaka 2020 kwa mkataba uliotarajiwa kudumu miaka mitano, lakini ikaondoka mwaka uliofuata. Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa Shirikisho la Soka la Kenya (FKF), na kuanzia Februari hadi Novemba 2022 Kenya ilikuwa imefungiwa na FIFA. Hakuna mfanyabiashara makini ambaye angeweka fedha zake mahali penye msukosuko wa namna hiyo.

Wengi sasa wanazielekezea macho serikali za kaunti. Ni kweli kwamba Katiba ya mwaka 2010 iliyakabidhi masuala ya michezo na vifaa vyake kwa kaunti. Hata hivyo, fedha za kaunti hupitishwa na madiwani, hucheleweshwa na hazina kuu, na hufuata mwaka wa kifedha unaoanza Julai. Mchezaji hula kila siku. Tena, gavana hubadilika baada ya uchaguzi, na vipaumbele hubadilika naye. Klabu inayoishi kwa hisani ya afisi ya gavana imehama kutoka nyumba moja ya kupanga hadi nyingine.

Upangaji huo si wa fedha peke yake. Viwanja viwili vikubwa vya Kisumu, Moi na ule wa Jomo Kenyatta ulioko Mamboleo, uliotumiwa kwa sherehe za Madaraka mwaka 2021, si mali ya klabu yoyote. Klabu haiwezi kukodisha vibanda vyake wala kuuza nafasi za matangazo ukutani kwa miaka kumi ijayo.

Hatari ya hali hiyo imeonekana hata katika nchi tajiri. Nchini Uingereza kuna klabu za mbio za pikipiki zisizo na breki, ambazo huzunguka njia fupi ya udongo na zina mashabiki waaminifu tangu mwaka 1928. Klabu ya Peterborough ilikimbizia pikipiki zake katika uwanja wa maonyesho ya kilimo kuanzia mwaka 1970. Ile ya Wolverhampton ilitumia uwanja wa mbio za mbwa. Mwishoni mwa msimu wa 2023, zote mbili zilijikuta bila makao kwa sababu wenye viwanja walikuwa na mipango mingine. Kisumu ina sababu ya kulitafakari jambo hilo, kwa kuwa Mamboleo nayo ulikuwa uwanja wa maonyesho ya kilimo kabla ya kujengwa upya.

Haba na haba

Je, kuna njia nyingine? Mfano mmoja hauko mbali. Shabana ya Kisii ilikaa nje ya Ligi Kuu kwa takriban miaka 17, ikarejea mwaka 2023. Katika miaka hiyo yote haikufa, kwa sababu wapo watu waliohesabu kuwa ni yao. Klabu yenye watu huweza kushuka daraja na bado ikabaki klabu. Klabu yenye mfadhili pekee hubaki jina kwenye karatasi siku mfadhili anapoondoka.

Kenya ina chombo ambacho mataifa mengi hayakuwa nacho: tangu mwaka 2007, M-Pesa imemwezesha mtu kutuma shilingi mia bila kwenda benki. Wanachama 3,000 wanaolipa Sh100 kwa mwezi wangeipatia klabu Sh300,000 kila mwezi, au Sh3.6 milioni kwa mwaka. Kiasi hicho hakitoshi kulipa mishahara ya Ligi Kuu, lakini kinatosha kuhakikisha kwamba timu haikosi kufika uwanjani. Kikwazo ni imani. Mwananchi hatatoa mia yake iwapo hajui ilikokwenda mia ya mwezi uliopita. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 ilianzisha afisi ya msajili wa michezo, na klabu zinatakiwa kusajiliwa. Hatua inayofaa kufuata ni klabu kubandika hesabu zake mahali ambapo mwanachama anaweza kuzisoma.

Chanzo cha pili ni vijana. Chini ya kanuni za FIFA, mchezaji anapohamishwa kimataifa kwa ada, asilimia tano ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Ukanda unaotoa wanasoka kila mwaka ungepaswa kunufaika na kifungu hicho. Lakini fedha hizo hulipwa kwa ushahidi wa usajili, na klabu ambayo haikumwandikisha mtoto rasmi haina cha kudai anapofika Ulaya. Katibu anayetunza faili vyema anaweza kuiletea klabu fedha nyingi kuliko mshambulizi wake.

Kaunti nazo zina wajibu, ila si wa kulipa mishahara ya wachezaji. Wajibu wao ni viwanja: nyasi, taa, vyoo, na mikataba ya muda mrefu inayoiwezesha klabu kujua itacheza wapi miaka mitano ijayo na itabaki na nini kutokana na mapato ya mlangoni. Wawekezaji waliokabidhiwa viwanda nao wangeweza kuombwa mchango, mradi uwe sehemu ndogo ya bajeti ambayo klabu inaweza kuikosa bila kuanguka.

Wahenga walionya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ndugu wa soka ya ziwani walikuwa kiwanda, kisha kamari, kisha kaunti, na kila mmoja aliondoka au aliyumba kwa sababu ambazo hazikuhusu mpira. Huko Chemelil na Awendo viwanja bado vipo na watoto bado wanacheza. Wanachohitaji ni klabu ambazo zitakuwa hai watakapotimiza umri wa kuzichezea.