Mizani ya Mshororo na Pishi ya Mchumaji

Ndugu washairi, nina ugomvi nanyi, na mshitakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Kila nisomapo tungo zetu za sasa juu ya wanyonge, nakuta jasho, machozi na mabepari. Kazi siikuti. Mnyonge huyo hana shamba, hana chombo mkononi, hana ujira unaohesabika. Shairi la namna hiyo halimtetei mtu. Linamhurumia tu, na huruma isiyojua bei haimsumbui mwenye kulipa.

Hapa Pemba mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi. Hukwea mkarafuu asubuhi, akavuta kwa ngoeko matawi ambayo ni mepesi kukatika. Jioni huketi na wanawe kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, ndipo apimiwe. Na dhuluma, ikiwapo, hujificha katika kupima: pishi ikiwa ya mfuto, kila alichochuma kimelipwa, ikijazwa mpaka ikafanya kilele, kile kilele kakichuma bure. Ni wangapi kati yetu wamelitungia hilo? Twagombana kutwa juu ya mizani ya mshororo, na kipimo hicho kingine hatujakigusa.

Nilipokuwa nikifundisha, mwanafunzi mmoja aliniletea shairi juu ya mama yake mchumaji. Kipande kimoja kilikuwa na mizani tisa badala ya nane. Nikafuta neno "makonyo", nikaandika "taka". Hesabu ikatimia, nikampa alama nzuri. Lakini makonyo si taka: pale Wawi kipo kiwanda kinachoyatoa mafuta. Yule mtoto aliijua thamani ya kile alichokichambua mama yake; mwalimu wake alijua kuhesabu silabi.

Wapo watakaosema kwamba basi dawa ni kuvunja vina na mizani. La. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni nchini Kenya, kati ya 1969 na 1972, na arudhi haikumziba kinywa. Wapo pia watakaosema kwamba pishi na makonyo ni maneno ya jamvini, hayana hadhi ya ushairi. Hao nawauliza: ikiwa maneno ya wenye kufanya kazi hayana hadhi, Kiswahili tunachojivunia ni cha nani?

Kwa hiyo nawaomba. Kabla hujaandika neno "mnyonge", nenda ukaketi jamvini wanapochambua. Uliza pishi moja ni shilingi ngapi, na nani aishikaye wakati wa kupima. Kisha rudi, uhesabu mizani yako. Neno likizidi, punguza jingine. Makonyo yaache.