Bibi kazaliwa wapi? Kwenye orodha hakuna

Mliosikiliza kipindi cha wiki iliyopita mtakumbuka tulibishana kuhusu herufi mbili tu, TZ, mpaka muda ukatuishia. Nilisema nitaandika. Haya, naandika.

Kwa ambao hawakusikiliza: nilikuwa namjazia bibi yangu fomu kwenye kompyuta, hapa Uingereza. Jina, sawa. Mwaka wa kuzaliwa, 1951, sawa. Nchi uliyozaliwa. Bibi akasema, "Andika Zanzibar." Nikashuka kwenye orodha mpaka herufi Z: Zambia, Zimbabwe, basi. Nikamwambia, "Bibi, itabidi tuweke Tanzania." Akanitazama kama mtu aliyevunja kikombe chake. "Mjukuu wangu, mie nilipozaliwa hiyo Tanzania yenyewe ilikuwa haijazaliwa."

Na kasema kweli. Muungano ni wa Aprili 1964, na jina la Tanzania likaja Oktoba mwaka huohuo. Bibi kaipita Tanzania kwa miaka 13.

Tukaweka Tanzania kwa sababu fomu ilikataa kuendelea bila kuchagua. Wiki chache baadaye barua ikaja: cheti cha kuzaliwa kinasema Zanzibar, fomu inasema TZA, maelezo hayalingani, ombi limerudishwa. Yaani mtu mzima wa miaka sabini na kitu anaambiwa hajui alikozaliwa. Hapo ndo nikaanza kusoma hii misimbo ya nchi inatoka wapi. (Nasema misimbo kwa sababu nikisema kodi, mama anadhani nazungumzia kodi ya nyumba.)

Inatoka Geneva, kwenye Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO. Mwaka 1974 walitoa orodha inayoitwa ISO 3166. Kila nchi ina herufi mbili, herufi tatu na tarakimu tatu. Tanzania ni TZ, TZA, 834. Kenya ni KE, KEN, 404. Oman ni OM, OMN, 512. Tarakimu zina faida yake, maana si dunia nzima inayoandika kwa herufi hizi za Kilatini. 512 inabaki 512 hata ukiwa Muscat na kila kitu kimeandikwa kwa Kiarabu. Majina ya nchi ISO hawayatungi wao, wanayachukua Umoja wa Mataifa. Pasipoti yako, hela unazotuma nyumbani, kontena bandarini, vyote vinapita kwenye orodha hiyo. Uingereza yenyewe mle ndani ni GB, ingawa tovuti zao wanaziandika .uk na magari yakienda nje yamebandikwa UK tangu 2021. Hawa wenyewe hawajakubaliana wanaitwa nani, halafu wanamsumbua Bibi.

Sasa, wengi mlituma ujumbe mkisema tuidai Zanzibar herufi zake. Hoja yenu si ya kupuuzwa. Orodha ina majina 249, na wanachama wa Umoja wa Mataifa ni 193, kwa hiyo kuna wengi mle ambao si nchi kamili. Hong Kong ina HK. Mayotte, hapo jirani kwenye visiwa vya Komoro, ni sehemu ya Ufaransa lakini ina YT yake. Kwa nini isiwe Zanzibar?

Mie bado sikubaliani nanyi. Swali la Zanzibar isimame vipi ndani ya Muungano lina wenyewe, na wanaishi kule. Sisi tuliozaliwa huku, tunaokwenda Unguja wiki tatu wakati wa likizo, tusijaribu kulimaliza kwa kuongeza mstari kwenye orodha ya kompyuta. Ingemsaidia Bibi, sikatai. Lakini haingemsaidia mzee aliyezaliwa Zaire, wala mama wa Kiyemeni tunayesali naye, aliyezaliwa Aden wakati Yemen zilikuwa mbili.

Tena makubaliano yenyewe nayapenda, na nitawaambia kwa nini. Rafiki yangu mmoja wazee wake wametoka Bukavu. Alituma hela kwa shangazi yake, na kwenye orodha akagusa Kongo ya kwanza aliyoiona, CG, ambayo ni ya Brazzaville. Ya kwao ni CD. Namba ya simu ya shangazi inaanza na 243, ya Brazzaville huanza na 242. Mashine ikaona nchi na simu haviendani, ikasimamisha, hela zikarudi. Bila herufi ambazo kila benki na kila kampuni ya simu inazielewa vilevile, zile hela tungekuwa tunazitafuta mpaka leo.

Kwa hiyo ugomvi wangu si na ISO. Ni na watengenezaji wa fomu, wanaochukua orodha ya nchi za leo na kuitumia kuuliza habari za jana. ISO wenyewe wanajua kwamba nchi hubadilika. Zaire ilipoitwa tena Kongo mwaka 1997, ZR ikawa CD, lakini tarakimu 180 ikabaki, kwa sababu jina ndilo lililobadilika na ardhi ni ileile. Ujerumani zilipoungana ikawa kinyume chake: DE ikabaki, tarakimu ikabadilika. Kuna hata sehemu ya tatu ya ISO 3166, ya nchi zilizoondoka kwenye orodha, zenye herufi nne: Zaire ni ZRCD, Yemen ya Kusini ni YDYE. Sijawahi kuona fomu hata moja inayoitumia. Na hiyo nayo inaanzia 1974, kwa hiyo Zanzibar ya Bibi haimo.

Ninachotaka ni kidogo. Uraia, tumia msimbo. Mahali pa kuzaliwa, weka nafasi mtu aandike kama cheti chake kinavyosema, na msimbo wa leo ukae pembeni kwa ajili ya mashine. Wasikilizaji wetu wengi mnafanya kazi za kompyuta, najua, maana mnatusahihisha kila wiki. Ukikabidhiwa fomu uitengeneze, ni kisanduku kimoja tu, kazi ya mchana mmoja.

Ombi la Bibi tumelituma tena, safari hii na barua juu yake. Kaiandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili, nami nikaandika tafsiri chini. Mstari wa kwanza: Nimezaliwa Zanzibar, mtaa wa Malindi, 1951. Mpaka leo Jumapili hawajajibu.