Maoni Yetu: Visa vitano, mkono mmoja

Filamu ya kutisha ya mkusanyiko, ile inayobeba visa vitatu hadi sita kwa mkupuo, haina kisingizio cha kuwapa kazi watu wale wale. Kila kisa huwa na bajeti yake ndogo, na mara nyingi mwongozaji wake. Kimoja kikidorora, vingine vinaibeba filamu. Mtayarishaji anayeogopa kumjaribu mtu mpya, hapa ndipo pa kumjaribia.

Lakini V/H/S ilipotoka Marekani mwaka 2012, waongozaji wote walikuwa wanaume. Katika kisa chake cha kwanza vijana wanaficha kamera kwenye miwani na kuwarekodi wanawake kwa siri. Mmoja wa wanawake hao anageuka dude na kuwararua. Wamekomeshwa, sawa, ila muda wote tumetazama kwa macho yao. Mwaka 2017 wanawake wanne, Karyn Kusama akiwamo, walitoa XX, na hofu ikahamia sebuleni: mama anamficha mumewe aliyekufa ndani ya vazi la panda, sherehe ya kuzaliwa ya binti isije ikaharibika. Ni kichekesho na ni kitisho, na hatudhani kundi la V/H/S lingekiwaza.

Kwa watu weusi pengo ni kubwa zaidi. Katika Dr. Terror's House of Horrors, filamu ya Uingereza ya mwaka 1965, mwanamuziki wa jazi Mzungu anaiba wimbo wa ibada ya voodoo huko Karibi, na adhabu inamfuata hadi London. Weusi wamo, tena wengi, lakini kazi yao ni kutisha. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaodhani kuhesabu sura kunatosha. Mwaka 1995 Rusty Cundieff, akiungwa mkono na Spike Lee, alitoa Tales from the Hood. Humo anayetisha ni polisi: Wazungu wenye sare wanampiga mwanaharakati mweusi na kumuua, naye anafufuka kuwadai. Mwanasiasa aliyetoka kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan anajiweka kwenye jumba la shamba la zamani la watumwa, na wanasesere wenye roho za watumwa waliouawa pale wanamtafuna. Ni mizimu ile ile ya watu weusi, ila safari hii mtazamaji anaishangilia.

Afrika nayo? The Field Guide to Evil ya mwaka 2018 ilikusanya ngano za kutisha za nchi nane, zikiwamo Uturuki, Ugiriki, Poland na India. Bara zima la mazimwi na majini halikupata hata kisa kimoja. Waafrika wenyewe hawakungoja kualikwa: Wanigeria watatu walitoa Juju Stories mwaka 2021, na mwaka 2023 Netflix na UNESCO wakaleta visa sita vya African Folktales, Reimagined. Voline Ogutu wa Kenya alilitoa zimwi porini akaliweka ndani ya nyumba, kwa sura ya mume anayepiga. Loukman Ali wa Uganda alikwenda kwenye kisiwa cha adhabu, mahali walikotupwa wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa. Katope ya Mtanzania Walt Mzengi Corey haitishi sana, lakini inakaa moyoni.

Visa vitano vya dakika ishirini havihitaji fedha za Hollywood. Vituo vyetu vya televisheni, vinavyojaza usiku kwa tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, vinaweza kuagiza mkusanyiko mmoja kwa mwaka, wanawake wakiongoza zaidi ya kisa kimoja cha kuonyesha. Sisi tungeanza na popobawa, shetani aliyewalaza watu wa Pemba nje ya nyumba zao mwaka 1995, na kazi ya kuongoza apewe mtu aliyelala nje.