Chicago Walipoacha Mpira

NJE YA UWANJA na Mwanaidi Sefu

Oktoba 1939, timu ya Chuo Kikuu cha Chicago ilichapwa na Michigan pointi 85 kwa bila, tena nyumbani kwake. Msimu huohuo Harvard waliwapiga 61, Ohio State 61, Virginia 47, Illinois 46, wao wasiambulie hata pointi moja ya kufutia machozi. Desemba wadhamini wa chuo wakakutana, wakaifuta timu. Tangu hapo, Mmarekani anayelalamika kwamba michezo imeviteka vyuo hukutajia Chicago na rais wake, Robert Hutchins, kama mfano wa ujasiri. Mimi ujasiri huo siununui wote.

Nazungumzia mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili, ambao leo kocha wake wa chuo anaweza kulipwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Njia hiyo Chicago walisaidia kuichonga. Chuo kilipoanza masomo mwaka 1892, rais wa kwanza, William Rainey Harper, alikuwa amekwisha kumwajiri Amos Alonzo Stagg, akampa na cheo cha profesa mshiriki. Kocha, profesa! Harper alitaka chuo chake kichanga kisikike upesi, na fedha za mfadhili wake, tajiri Rockefeller, nyingi kama zilivyokuwa, hazikuweza kupiga kelele zenyewe.

Kelele zikaja. Stagg alifundisha misimu 41 na kutwaa mataji saba ya ligi ambayo leo inaitwa Big Ten. La kukumbukwa zaidi ni la 1905. Michigan walifika Chicago wakiwa hawajafungwa katika mechi 56. Kipindi cha pili, bado hakuna aliyepata kitu, Walter Eckersall wa Chicago akapiga teke refu, mpira ukavuka hadi nyuma ya mstari wa goli wa Michigan. Denny Clark aliudaka. Angeweza kutulia nao palepale, mchezo ukaendelea bila hasara. Akaamua kukimbia nao, akabanwa na kurudishwa nyuma ya mstari. Kwa kosa hilo Chicago walipewa pointi mbili, na mechi ikaisha mbili kwa bila.

Taji la mwisho lilikuwa la 1924. Hutchins alikuja mwaka 1929 akiwa na miaka 30, akabadili masomo, akakataa kuwalipia watu karo kwa sababu ya misuli. Stagg alipotimiza miaka 70 akastaafishwa bila kupenda. Akahamia California, akaendelea kufundisha huko, akaishi hadi miaka 102.

Timu ikadhoofika, lakini hata katika unyonge huo alitokea mchezaji Jay Berwanger. Mwaka 1934, kijana wa Michigan aliyejaribu kumwangusha alichanwa chini ya jicho na kubaki na kovu. Kijana huyo ni Gerald Ford, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi. Mwaka uliofuata Berwanger akawa wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ambayo sasa inaitwa Heisman. Shangazi yake aliigeuza kizuizi cha mlango.

Basi kama ni ujasiri, mwaka wake ulikuwa 1935, tuzo ikiwa mkononi na jina la chuo likiwa katika kila gazeti. Hutchins alingoja. Mwaka 1938 aliandika katika jarida kubwa makala ya kuushambulia mpira wa kutafuta viingilio, akapendekeza hata tiketi ziuzwe senti kumi, na bado timu yake ikaingia uwanjani msimu mmoja zaidi. Timu iliyofungwa 85 haihitaji jasiri wa kuifuta. Inahitaji wazishi.

Sifa moja simnyimi. Wakuu wengi wa vyuo wangemfukuza kocha Clark Shaughnessy, wakanunua wachezaji, wakaanza upya. Yeye alijua tatizo si kocha, na jibu likaja upesi kuliko alivyotarajia mtu: Shaughnessy alikwenda Stanford mwaka 1940, akamaliza msimu bila kufungwa na kushinda mechi maarufu ya Rose Bowl.

Watu hupenda kuongezea kwamba Desemba 1942, chini ya jukwaa la uwanja uleule wa Stagg, mwanafizikia Enrico Fermi aliwasha tanuri la kwanza la nyuklia, kana kwamba mpira uliondoka ili kuipisha sayansi. Fermi alihitaji nafasi, na ukumbi wa raketi ulikuwa pale. Basi.

Msimu ule wa maafa, Chicago waliwashinda Wabash na Oberlin, vyuo vidogo vinavyocheza bila kununua mtu. Wangebaki na wapinzani wa aina hiyo, wangejitoa mapema katika ligi ya wakubwa, timu ingeishi. Ndivyo walivyofanya hatimaye, baada ya wanafunzi kukaa chini katikati ya uwanja mwaka 1963 kupinga mpira kurudi. Ulirudi rasmi mwaka 1969, na leo wanacheza katika daraja lisilotoa ufadhili wa michezo. Mlango huo ulikuwa wazi mwaka 1939. Iliwachukua miaka 30 kuupita.