Haki ya Zahanati Ianzie Kwenye Barua
Safu ya Mizani, na Hamisi Chilumba

Sheria ya Hospitali Binafsi ya mwaka 1977 ilipiga marufuku tiba ya kutafuta faida na kuyaachia uwanja mashirika yaliyoidhinishwa, yakiwemo ya dini, ndiyo maana hospitali ya Ndanda, iliyotokana na misheni ya Wabenedikto ya mwaka 1906, iliendelea kuwatibu watu wa Masasi na Newala. Sheria ilipolegezwa mwaka 1991, mtu binafsi naye aliruhusiwa kutoa huduma hiyo, mradi asajiliwe na Serikali.

Anayenyimwa usajili anaweza kuomba mapitio, yaani utaratibu ambao Mahakama Kuu huchunguza jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Jaji hapimi ubora wa zahanati. Huangalia kama mtoa uamuzi alikuwa na mamlaka, kama alimsikiliza mwombaji na kama alifuata sheria, na akikuta kasoro huutengua uamuzi ili ufanywe upya. Haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu imo katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, na mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilibatilisha sharti la kuomba ridhaa ya Serikali kabla ya kuishtaki.

Hata hivyo, mwombaji hutakiwa kwanza kumaliza ngazi za rufaa zilizowekwa na sheria, kisha aombe kibali cha mahakama ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe, na kwa mkazi wa Lupaso mahakama hiyo iko Mtwara, safari ya karibu kilomita 200.

Ugumu huo huzidi pale barua ya kukataa inaposema tu kwamba jengo "halikukidhi vigezo". Katika uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida na kaya nyingi hukinga ya mvua, mwenye zahanati hawezi kujua kama kilichomponza ni tangi dogo, shimo la taka au chumba cha kujifungulia, wala wakili wake hana cha kumwonyesha jaji.

Kwa hiyo sheria iwalazimishe wakaguzi kutoa barua yenye tarehe, kigezo kilichokosekana na muda wa kukirekebisha. Ikiandikwa kwamba tangi ni dogo, mwenye zahanati ataongeza tangi, na nauli ya Mtwara itabaki mfukoni.