Wauza Pasipoti, Tuachieni Viwanja Vyetu

"Mwenye pasipoti moja ni mfungwa asiyejijua." Aliyasema hayo bwana mmoja wa suti ya bluu kwenye semina ya uchumi hapa Tegeta Kibaoni, na watu wazima wenye wajukuu wakampigia makofi. Kiingilio elfu ishirini, soda unajinunulia. Nilikwenda kwa sababu mke wangu alishalipia. Tukaonyeshwa ukutani picha za visiwa vya Karibi, tukaambiwa tajiri mwenye akili hafungi maisha yake kwenye nchi moja, na kwamba Dominica inakupa uraia ukitoa dola 200,000. Hizo ni kama nusu bilioni ya shilingi. Pembeni yangu alikaa mwalimu wa shule ya msingi ambaye bado analipa mkopo wa pikipiki. Naye alikuwa anaandika.

Ningecheka yakaisha, ila maneno haya yameshazagaa. Utayasikia saluni, utayasikia kwenye daladala za Bunju, na kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa kila wiki kuna mtu anayarusha kama neno la unabii: ukitaka mali yako iwe salama, tafuta nchi ya pili. Kwa Mtanzania huu si ushauri mbaya tu. Ni kumwambia mtu achome nyumba yake ili isiibiwe.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 iko wazi. Mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, Utanzania wake umekoma. Haitwi kikao wala haandikiwi barua ya onyo. Halafu kuna Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999: asiye raia kwa kawaida hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, tena kwa taratibu za uwekezaji. Sasa ziunganishe hizo mbili. Mali ya mtu wa Tegeta ni ipi? Hana hisa New York. Ana fremu tatu kando ya Barabara ya Bagamoyo, nyumba ya kupangisha kule Wazo, na eka moja Kerege anayoisubiri ipande bei. Mali yake ni ardhi, mwanzo mpaka mwisho. Anatoa nusu bilioni kuilinda, na siku anayokula kiapo cha kisiwani ndiyo siku anayopoteza sifa ya kuimiliki.

Nilimuuliza mkufunzi swali hilo hilo. Akasema ni suala la kiufundi, litafundishwa daraja la pili. Daraja la pili ni laki mbili.

Kuna wajanja watakaokwambia, "Ficha tu, nani atajua?" Huo ndio uhuru tunaouziwa? Mtu mzima na mvi zake anaficha kitabu kwenye soksi, akifika dirisha la uhamiaji pale Uwanja wa Julius Nyerere jasho linamtoka, anajaribu kukumbuka atoe kipi! Mimi na kitabu changu kimoja napita naangalia watu usoni.

Wengine wananiletea Hadhi Maalum, yale marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi ya mwaka 2025 kwa ajili ya ndugu zetu waliochukua uraia wa nje. Ni hatua, sikatai. Lakini hadhi unaiomba, na kinachoombwa kuna anayekitoa. Uraia wangu sikuuomba kwa mtu, nilizaliwa nao. Tena ajabu ya nchi hii: wakati wasomi wetu wanahangaika kuuvua, Januari 2025 wachezaji watatu wa kigeni wa Singida Black Stars walipewa, na mjadala ukachukua wiki nzima. Kumbe kitu hiki kina thamani.

Halafu wapo wa "mbona Wakenya?" Hao ndio wanaonichosha kuliko wote. Mbona Wakenya wameruhusu tangu Katiba yao ya 2010 na hawajafa? Kwani mimi nimesema watakufa? Wakenya wana sheria yao, nanyi mna yenu. Anayeendesha gari Tegeta kwa sheria za Nairobi atamweleza trafiki.

Akibanwa sana, mpenda pasipoti hukimbilia historia. "Serikali ilishataifisha, inaweza kurudia." Haya, twende huko huko. Mwaka 1971 sheria ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wengi wa wenye majengo hayo walikuwa Waasia, na si wachache kati yao walishika pasipoti ya Uingereza. Iliwasaidia nini? Ghorofa halikuulizwa mwenyewe ni raia wa wapi. Waliotaka kuondoka waliondoka na masanduku, Upanga ikabaki Upanga. Na hiyo Uingereza yenyewe, mwaka 1968, Waasia wa Kenya walipoanza kumiminika London na pasipoti zake mkononi, Bunge lake lilitunga sheria chapuchapu kuwazuia wale ambao wao, wazazi wao au babu zao hawakuzaliwa huko. Pasipoti ya Malkia, na mlango wa Malkia umefungwa. Najua mtanitajia Amin wa Uganda na siku 90 alizowapa Waasia waondoke mwaka 1972. Hata kwa Amin, pasipoti ilipandisha mtu ndege. Duka lilibaki Kampala.

Huko kwa wenzetu "walioendelea" nako mnaambiwa nusu. Mwaka 2013 Cyprus ilipokaribia kufilisika, wateja wa benki yake kubwa kuliko zote walikatwa sehemu ya akiba zilizozidi euro 100,000. Unajua wageni waliopoteza euro milioni 3 na kuendelea waliahidiwa nini na rais wa nchi ile? Uraia! Umenyolewa hadi ngozi, unapewa pasipoti kama kifuta jasho. Mwaka 2020 biashara hiyo wakaifunga kwa kashfa. Na Marekani inamdai kodi raia wake popote alipo duniani, hata akihamia Mbweni kuvua dagaa.

Tuje kwenye wezi wenyewe, maana mkufunzi aliwaruka. Jina la Tegeta lilivuma mwaka 2014 kwa kashfa ya Akaunti ya Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka Benki Kuu kwa ajili ya mtambo wa umeme uliopo hapa hapa kwetu, huku sisi majirani wa mtambo tukila kwa kibatari. Huko juu. Huku chini, tembea mtaa wowote kutoka Nyuki mpaka Boko usome kuta: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Herufi nyekundu, kubwa kuliko mlango. Wenye nyumba hawajaandika hivyo kwa kuiogopa serikali. Wanaogopa dalali aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, shemeji mwenye nakala ya karatasi ya mauziano, na watoto wa marehemu ambaye hakuacha wosia. Wakala wa serikali, RITA, wanatunza wosia. Semina nzima neno hilo halikutajwa.

Kuna bwana mmoja wa mtaani kwetu, raia wa Marekani sasa, aliyetuma hela miaka na miaka ajengewe Bunju. Mdogo wake akawa anamrushia picha: msingi, linta, bati la rangi ya udongo, hadi maua ya getini. Alipokuja mwaka jana, kwa viza aliyoilipia dola 100 kuingia nchi aliyozaliwa, alikuta nyumba ya kwenye picha ni ya jirani. Kiwanja chake kilikuwa na mihogo, na hati imetoka kwa jina la mdogo wake. Akatafuta wakili. Wakili akasikiliza yote, akafunga mlango wa ofisi, akamwambia kitu cha kwanza kabisa, tukifika mahakamani, usiwe mwepesi kusema wewe ni Mmarekani.