Mashindano ya Akili Yasiyodharau Mkono

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kuniona nikiilalamikia televisheni. Leo sitalalamika sana. Kwa muda wa majuma matatu nimekuwa nikikesha nikitazama kanda za kipindi cha zamani cha Uingereza kiitwacho Bullseye, ambazo mpwa wangu alinionyesha kwenye simu yake, na kila nikimaliza moja fikira zangu humwendea mdogo wangu aliye Nakuru, na jambo ambalo sisi tunaojiita wasomi tumelikosea kwa miaka mingi.

Kipindi hicho kilianza mwaka 1981 katika televisheni ya ITV, kikadumu hadi 1995. Mwendeshaji wake alikuwa Jim Bowen, mchekeshaji ambaye kabla ya kupanda jukwaani alikuwa mwalimu wa shule, na ambaye alifariki mwaka 2018. Kando yake alikuwapo Tony Green, kazi yake kuhesabu na kutangaza alama. Jina la kipindi ni lile Waingereza wanaloita kitovu cha ubao wa vishale, yaani jicho la fahali, na kwa hiyo fahali wa katuni ndiye aliyekuwa nembo yake.

Waliingia washindani watu sita, wawili wawili. Katika kila jozi mmoja alikuwa mrushaji wa vishale na mwenzake alikuwa mjibu maswali. Mjibu maswali huchagua somo analolipenda, labda historia, labda vitabu, labda tahajia, na mrushaji anatakiwa kukipeleka kishale kwenye sehemu ya ubao iliyoandikwa somo hilo. Akipata, wanalipwa kwa shabaha, kisha swali linaulizwa. Akikosa na kishale kikaangukia somo jingine, basi mwenzake anajibu swali la somo ambalo hakulitaka, na malipo ya shabaha yamepotea. Katika duru iliyofuata, warushaji walishindana kwa vishale vitatu kila mmoja, na jozi iliyopata alama nyingi ndiyo iliyopewa nafasi ya kwanza ya kujibu. Jibu likiwa sawa, alama zile zinageuka kuwa pauni.

Angalia basi, msomaji, ujanja wa mpango huo. Mwenye elimu hawezi kufungua kinywa mpaka mkono wa mwenzake umfungulie mlango. Mwenye mkono naye hapati hata senti ya swali mpaka mwenzake ajue jibu. Nimeona mwanamume mwenye kifua kama pipa akimtazama mkewe anayetafuta jina la mfalme fulani, macho yamemtoka, hawezi kumsaidia. Na dakika mbili baadaye nikamwona mke huyo akifumba macho wakati mumewe anarusha.

Lakini kilichonifanya niandike makala haya ni duru ya mwisho. Jozi iliyoshinda huulizwa kama itakwenda nyumbani na zawadi ilizokwisha kupata, au itazihatarisha kwa ajili ya zawadi kubwa iliyofichwa. Wakikubali, wanatakiwa kupata alama 101 kwa vishale sita. Vitatu vinarushwa na mrushaji. Vitatu vingine vinarushwa na yule asiyejua kurusha, na yeye ndiye anayeanza! Hapo mtu aliyekuwa akijibu maswali kwa majivuno husimama mbele ya ubao na vidole vinatetemeka, na ghafla anafahamu kwamba kile alichokuwa akikiona kuwa mchezo wa baa ni ujuzi wa miaka.

Sasa nimtaje mdogo wangu. Mwaka tuliofanya mtihani wa CPE tulikuwa darasa moja, kwa sababu mimi niliwahi kurudia. Nilipita, yeye akaanguka, na hesabu ndiyo iliyomwangusha. Mwalimu mmoja alimwambia mbele yetu sote kwamba kichwa chake ni cha kubebea mizigo. Darasa lilicheka, na mimi nilicheka. Yeye akaenda kujifunza kazi ya kuchomelea vyuma, na jioni akawa mtu wa vishale.

Wanaojua mchezo huo wanafahamu kwamba mchezaji huanza na 501 na kupunguza mpaka sifuri kamili, na kishale cha mwisho lazima kiingie katika ukanda mwembamba wa nje unaozidisha namba mara mbili, au katika kitovu chenyewe cha ubao. Kila mrusho ni hesabu. Mdogo wangu akibakiwa na 121, kabla sijatafuta kalamu yeye amekwisha jua njia: 60, kisha 33, kisha 28. Akikosea cha kwanza, anabadilisha hesabu yote wakati kishale cha pili kiko mkononi. Mimi niliyepita ule mtihani nimejaribu kumfuata kwa kichwa na nikashindwa. Nani basi alianguka hesabu?

Sisemi kwamba kipindi kile hakikuwa na dosari. Walioshindwa katika duru ya mwisho waliletwa kutazama zawadi waliyoikosa, na mara nyingine ilikuwa mashua ya mwendo wa kasi, kwa watu wanaoishi mbali kabisa na bahari. Wengine walicheka. Mimi naona ulikuwa ukatili mdogo uliovalishwa ucheshi. Ila pia niliona jambo zuri: katikati ya kila kipindi mchezaji mashuhuri aliitwa kurusha vishale tisa, na kila alama ikawa pauni moja ya kupelekwa kwa wenye shida.

Hapa petu mashindano ya maarifa tumeyapenda tangu zamani, na tumekuwa nayo mazuri. Wengi watakumbuka yale ya vyuo vikuu vya Afrika yaliyoanza mwaka 2007 kwa udhamini wa kampuni ya simu, ambayo John Sibi-Okumu aliyaendesha kwa ustadi. Vijana walijibu kwa kasi ya kushangaza. Hata hivyo yalikuwa kwa Kiingereza, na yalikuwa ya waliofika chuoni. Fundi, mvuvi na mchungaji walikuwa watazamaji tu. Michezo nayo tunaiweka katika saa nyingine na kuipa watangazaji wengine, kana kwamba mwili na akili havijawahi kukutana.

Mwezi Desemba 2025 vilikutana mbele ya dunia nzima. David Munyua, Mkenya ambaye kazi yake ni udaktari wa mifugo, alisimama katika ukumbi wa Alexandra Palace mjini London kwenye mashindano ya dunia ya vishale. Alikuwa nyuma seti mbili kwa bila, akageuza mambo na kumshinda Mike De Decker wa Ubelgiji kwa seti tatu kwa mbili. Siku ile mabaa yetu yaligeuka kuwa mahali pa heshima kwa muda wa saa ishirini na nne.

Basi nawauliza wakuu wa vituo vyetu vya televisheni: mnangoja nini? Si lazima tuige vishale. Si kila ujuzi unafaa, nakubali. Kusuka ukili ni kazi ya siku nzima na hakuna mtazamaji atakayengoja. Unatakiwa ujuzi ambao jicho linaona mara moja kama umepata au umekosa. Rungu linafaa. Tangu mwaka 2012 vijana wa Kimaasai wamekuwa wakishindana kulirusha kwa shabaha huko karibu na Amboseli, katika michezo iliyoanzishwa ili ichukue mahali pa uwindaji wa simba. Mpeni kijana wa namna hiyo mwenzake anayejua methali, mashairi na historia ya nchi, wote wawili wasimame mbele ya kamera, na maswali yaulizwe kwa Kiswahili. Na mwishoni yule wa methali apewe rungu.

Nilimpigia simu mdogo wangu kumweleza haya. Alisikiliza, kisha akauliza, "Na sisi tukienda, kaka, nani atajibu maswali?" Nikamwambia ni mimi. Akanyamaza kidogo. "Na vile vitatu vya mwanzo, katika ile duru ya mwisho?"

Nimenunua ubao, nimeutundika nyuma ya nyumba. Jumamosi iliyopita alikuja, akaniweka miguu mahali panapofaa, akanionyesha namna ya kushika. Nililenga 20. Waliopanga ubao huo waliiweka 20 katikati ya 5 na 1, makusudi, ili kumwadhibu mtu kama mimi. Kishale cha kwanza kiliingia kwenye 5, cha pili kwenye 1, na cha tatu kikagonga ukuta. Hakucheka. Alikiokota, akakirudisha mkononi mwangu, akasema, "Tena, kaka."